Kuandika historia ya baa ya familia chini ya Mlima Elgon

Tangulia na karatasi, wazee baadaye. Tafuta leseni, daftari za madeni, stakabadhi za kreti, picha, na kitabu cha wageni kama wapanda mlima wanaoanzia Budadiri, mji wa upande wa Uganda, waliwahi kutia sahihi. Ukimwendea mzee mikono mitupu atakukisia mwaka, na ukoo mzima utaurudia mpaka uonekane kweli.

Kila ukurasa upige picha kwa simu kivulini, bila flashi, rula ikiwa pembeni. Palipochanika usibandike selotepu. Gundi yake hugeuka kahawia na kuchafua karatasi.

Sasa tarehe, na hapa ndipo pana kazi. Usiulize "mlifungua lini?" Uliza vitu: pombe ilikuwa ya chungu au ya chupa? Mlilipwa kwa fedha gani? Shilingi ya Uganda ilianza 1966; kabla yake ilikuwepo ya Afrika Mashariki. Mei 1987 shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, tena asilimia 30 ikakatwa kama kodi. Kwa hiyo bei zikiporomoka ghafla daftarini mwaka huo, usiandike kwamba biashara ilikufa. Wengi huteleza hapo. Nile Breweries nayo ilianzishwa 1951, basi anayesema babu aliuza bia yao 1948 anachanganya mambo.

Kwa Wamasaaba (Wagisu), wenyeji wa mlima huu, kuna kipimo kizuri zaidi: imbalu, yaani sherehe ya tohara ya vijana wa kiume, hufanyika miaka inayogawanyika kwa mbili. Mzee akisema kaunta ilijengwa mwaka aliotahiriwa, na hesabu yako ikatoa 1977, umekosea. Jaribu 1976 au 1978, kisha muulize kama vita vya 1979 vilivyomng'oa Idi Amin viliikuta kaunta hiyo imesimama.

Wahoji mmoja mmoja, asubuhi, kabla chungu cha malwa, pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija, hakijatiwa maji ya moto. Mirija ikishaingia, kila mtu humuunga mkono jirani yake. Na usiwapite akina mama: leseni ina jina la baba, lakini aliyeotesha kimea cha wimbi na kujua nani hakulipa mara nyingi ni mama. Yeye mtengee siku yake peke yake, mumewe asiwepo wa kumsahihisha.

Karatasi zitie kwenye bahasha za karatasi, ndani ya sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali kwa sababu ya mchwa. Mifuko ya plastiki usitumie: mvua za mlimani zikianza, unyevu hunaswa ndani na ukungu huota.