Jinsi ya kuchora makuli wa mtoni kwa kufuata Monet

Mwaka 1875 mchoraji Mfaransa Claude Monet alichora makuli wakipakua makaa ya mawe kutoka kwenye matishari ya mto Seine, huko Asnières, jirani na Paris. Mchoro huo, Les Déchargeurs de charbon, upo Musée d'Orsay, jumba la makumbusho la Paris, na ukubwa wake ni takriban sentimita 54 kwa 66. Tumezoea kumwona akichora Seine ya mashua za matanga na mapumziko. Hapa ni kazi tupu. Nimeunakili mara kadhaa kwa rangi za mafuta, na sijapata mwalimu bora wa kuchora mtu mwenye mzigo.

1. Paka kanvasi yote kijivu kilichozimuliwa kwa tapentaini, kikauke. Ukianzia kwenye weupe, kila rangi utakayoweka itaonekana nzito kuliko ilivyo.

2. Chora mbao wanazopitia makuli kabla ya watu. Zinatoka kwenye matishari hadi ukingoni, na juu yake daraja linakata picha kutoka upande hadi upande. Usizipange kwa nafasi sawa, zitafanana na ngazi.

3. Achana na nyeusi ya tyubu. Nakala yangu ya kwanza niliitia nyeusi, makaa yakageuka shimo. Changanya buluu ya ultramarini na kahawia iliyokoza: buluu izidi karibu na maji, kahawia izidi kwenye matishari.

4. Maji: mipigo mifupi ya kulala, kijivu chenye ukijani. Usikawie hapa.

5. Sasa watu, na hapa tulia. Chukua brashi bapa ndogo. Kwa mwenye mzigo, kikapu, kichwa na mabega ni bonge moja la rangi, usivitenganishe. Kiwiliwili kiinamie mbele kidogo, goti moja likunjwe. Anayerudi na kikapu kitupu mnyooshe mgongo. Kisha chovya ncha ya brashi kwenye rangi ileile ya maji, uguse mara moja katikati ya miguu. Kijipande hicho cha mwanga, chembamba kama punje ya mchele, ndicho kinachomfanya atembee. Kikiwa kipana, atasimama.

6. Wapita njia wa darajani ni vitone tu.

Watu hawa hawana sura, ila uzito wao unausikia mabegani mwako. Ukitamani kumtia mmoja wao macho, osha brashi.