Somo: Sabuni ya uso kwa ngozi kavu, kwa mafuta ya masoko ya Bukavu

Kiangazi kimeingia, vumbi la barabara limepanda, na wamama wengi wananiuliza swali moja: nitapata wapi sabuni isiyonivuta uso? Unanawa vizuri, unajifuta, na kabla hujapaka chochote ngozi imekaza pembeni ya mdomo na kwenye paji la uso. Wengine inawawasha kabisa.

Tuanze na sababu, maana ndiyo itakayokuongoza sokoni. Tumezoea kupima sabuni kwa povu. Povu jingi la haraka linatoka kwenye mafuta ya nazi na mafuta ya kokwa za mawese, na mafuta hayo yakishakuwa sabuni yanasafisha mno: yanaondoa uchafu pamoja na mafuta ambayo ngozi inajitengenezea yenyewe. Kwa sahani ni vizuri. Kwa uso mkavu ni hasara. Kwa hiyo sabuni ya uso ina povu dogo, zito, la taratibu, na asiyetaka kuzoea hilo aache somo hapa hapa.

Vitu vya kununua

Kiasi hiki kinatoa vipande sita au saba:

Mafuta ya zeituni, gramu 250
Mawese, gramu 125
Mafuta ya kokwa za mawese, gramu 75
Mafuta ya nyonyo (mbarika), gramu 50
Soda kostiki (haidroksidi ya sodiamu), gramu 66
Maji safi, gramu 132

Mawese ya soko la Kadutu ni mazuri lakini mara nyingi yana maji na mchanga chini ya bidoni. Yapashe moto mdogo, yaache yatulie, chuja yale ya juu kwa kitambaa safi, ndipo upime. Usiyachemshe hadi yawe meupe. Yakiungua yanaacha harufu isiyotoka. Rangi ya chungwa isikutishe, inapungua sabuni inapokauka na haibaki usoni.

Mafuta ya kokwa tafuta yale yanayopitisha mwanga. Yale meusi ya kukaanga yana harufu kali, acha yabaki kwa sabuni ya kufulia. Ukikosa, weka mafuta ya nazi gramu zile zile 75. Mafuta ya nyonyo nenda famasi.

Soda kostiki iwe nyeupe, kavu, ya chembe au vipande vinavyoachana. Ikiwa imeshikamana kama bonge ndani ya mfuko uliokwisha kufunguliwa, imekunywa unyevu na hewa, nguvu yake imepungua na hesabu yote inaharibika. Na muulize muuzaji mara mbili kama si potasi. Potasi inatoa sabuni laini ya kuchota, haitakupa kipande.

Maji: msitumie ya ziwa. Maji ya Kivu yana madini mengi, hasa magnesiamu, na madini hayo yakikutana na sabuni yanatengeneza utando mweupe. Tumia ya chupa, au ya mvua iliyokingwa baada ya bati kusafishika. Wenzetu wa Goma chukueni ya chupa tu, kwa sababu mvua yenu inapita kwenye moshi wa volkano ya Nyiragongo.

Mizani

Hapa sina mchezo. Vikombe na vijiko havifai, hata maji na mafuta tunapima kwa gramu. Mizani ndogo za betri wanazotumia wauza dhahabu ziko mjini, zinapima soda vizuri sana. Hesabu yenyewe iko hivi: mafuta haya yote yangehitaji soda karibu gramu 71 ili yageuke sabuni hadi tone la mwisho. Sisi tunaweka 66, ili kama asilimia 7 ya mafuta ibaki bila kuguswa na ikae kwenye ngozi. Ukizidisha gramu 5 uko ukingoni. Ukizidisha 10 umetengeneza kitu cha kusafishia choo. Ukibadilisha aina ya mafuta, hesabu inabadilika pia, maana kila mafuta yanakula soda kwa kiasi chake.

Kazi yenyewe

Watoto watoke, mlango wa kuku ufungwe, wewe fanyia nje au penye dirisha wazi. Vaa glavu, miwani na nguo ya mikono mirefu. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na hizo ni mwiko kabisa: soda inazila, zinachemka na kutoa gesi inayoshika moto. Tumia inoksi (chuma kisichoshika kutu) au ndoo ya plastiki ngumu, mwiko wa plastiki au wa silikoni, na vyombo hivyo visirudi jikoni kupikia.

Pima maji kwanza. Kisha mimina soda ndani ya maji, kidogo kidogo, ukikoroga. Kamwe usimwage maji juu ya soda, yatakurukia usoni. Mchanganyiko unapanda moto wenyewe hadi zaidi ya nyuzi 80 na unatoa mvuke mkali; geuza uso pembeni. Mwanzoni maji yanakuwa na wingu, halafu yanang'aa tena. Yaweke pa salama yapoe. Likikurukia tone, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20. Siki hapana, usipake siki kwenye ngozi iliyochomwa na soda. Likiingia jichoni, osha hivyo hivyo huku mwingine akitafuta gari la kwenda hospitali.

Wakati huo yeyusha mawese na mafuta ya kokwa, ongeza zeituni na nyonyo. Subiri mafuta na maji ya soda vyote vishuke karibu nyuzi 40. Asiye na kipimajoto aguse chombo kwa nje: kiwe cha uvuguvugu, kisichome kiganja.

Sasa mimina maji ya soda ndani ya mafuta na uanze kukoroga. Mwenye mashine ya mkono ya jikoni na umeme wa kuaminika atamaliza haraka. Sisi wengine tutakoroga kwa mkono, nusu saa, saa moja, pengine na zaidi, kwa sababu zeituni ni mvivu wa kushika. Unaweza kupumzika dakika chache katikati, haiharibiki. Angalia rangi: ile chungwa iliyokoza inafifia, inakuwa ya njano isiyopitisha mwanga, na lile duara la mafuta yanayong'aa pembeni linapotea. Inua mwiko, acha itiririke juu ya mchanganyiko. Ule uzi ukibaki juu kidogo kabla ya kuzama, na uzito uko kama uji mwepesi wa sosoma, imeshika. Ukimimina kabla ya hapo mafuta yatajitenga ndani ya chombo cha kugandishia.

Mimina kwenye boksi la maziwa lililokatwa upande, au kisanduku cha mbao ulichotandika karatasi ya plastiki. Funika kwa kitambaa. Vyombo vichafu usivioshe leo: hiyo bado ni soda. Kesho masalio yatakuwa yamegeuka sabuni na yatatoka kwa urahisi.

Baada ya siku moja au mbili inakuwa ngumu. Itoe, ukiwa bado na glavu, na ukate.

Kungoja

Panga vipande visimame vikiachana, mahali pa kivuli penye hewa, kwa wiki sita hadi nane. Kwenye mvua ya Bukavu ongeza. Soda inamaliza kazi yake siku za mwanzo, lakini maji yanatoka polepole, na kipande kikavu ndicho kigumu na kipole kwa uso. Wanaouza sabuni ya wiki moja wanauza maji.

Ikishakauka, nawa nayo mikono siku kadhaa. Kisha jaribu ndani ya mkono, karibu na kiwiko, ungoje siku mbili. Isipowasha, peleka usoni, mara moja kwa siku, jioni. Asubuhi maji tu yanatosha.

Sijaweka marashi wala mafuta ya kunukia. Kwa uso unaowasha, marashi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Anayetaka kuongeza kitu aongeze unga laini wa oti, kijiko kimoja, mwishoni kabisa.

Maswali ya wanachama

*Yaya, aksanti kwa somo. Zeituni ni bei kali. Kwetu Kabare avoka (parachichi) zinaanguka chini ya miti hadi zinaoza. Naweza kutumia avoka?*

Mafuta ya avoka, ndiyo, na ni mazuri mno kwa ngozi kavu. Yanakula soda karibu sawa na zeituni, kwa hiyo gramu 250 kwa gramu 250, soda inabaki 66. Lakini yawe mafuta yaliyokamuliwa na kuchujwa. Avoka ya kuponda ina maji na sukari, inachafua hesabu na kipande kinaweza kuharibika; hiyo ipake usoni dakika kumi kisha uioshe, utafaidi zaidi. Alizeti pia inakubali, ila isizidi gramu 50 mahali pa zeituni. Ikizidi, sabuni inakuwa teketeke na baada ya miezi inatoa madoa ya chungwa na harufu ya mafuta yaliyochacha.

*Bibi yangu alitengeneza sabuni kwa majivu ya maganda ya ndizi, bila kostiki ya duka. Hiyo si ndiyo ya asili na ya upole?*

Bibi alijua kazi yake, dada. Ila majivu yanatoa potasi, na nguvu yake inabadilika kila unapochoma. Leo maji yake ni dhaifu, kesho yanachuna ngozi. Kwa nguo na mwili mzima wenye afya watu wameitumia miaka mingi. Kwa uso unaowasha siwezi kukushauri kitu kisichopimika.

*Niliacha krimu za kujichubua na sasa uso unawaka moto, umejaa vipele. Sabuni hii itaniponya? Niweke na ndimu ishushe ukali?*

Pole sana, mama. Hapana kwa yote mawili. Krimu nyingi za kujichubua zina haidrokwinoni au dawa kali za steroidi, na steroidi ukiiacha baada ya kuizoea, ngozi inalipuka hivyo hivyo unavyoeleza. Hilo ni la daktari, na umpelekee boksi la krimu alione. Kwa sasa nawa kwa maji ya uvuguvugu peke yake.

Kuhusu ndimu: sabuni yoyote ya kweli ina pH (kipimo cha asidi: namba ikipanda, asidi inapungua) ya 9 hadi 10, wakati ngozi ya uso iko karibu na 5. Ukitia ndimu ndani ya sabuni, asidi yake inakula sehemu ya soda, basi. Sabuni haigeuki kuwa na pH ya ngozi. Ingegeuka, ingeacha kuwa sabuni na kurudi kuwa mafuta. Ndiyo maana wako watu, hasa wenye ukurutu, ambao hata hii itawashinda. Hao wanahitaji kisafishio kisicho sabuni, na si aibu.

*Sabuni yangu imetoa unga mweupe juu. Nitupe?*

Unga juu tu, usitupe. Ni soda iliyokutana na hewa kabla haijamaliza kazi. Futa kwa kitambaa chenye maji. Lakini ukikata ukakuta mifuko ya maji au chembe nyeupe ngumu ndani, hiyo usiipeleke hata mkononi.

*Mtoto wangu ana miezi minne, ngozi yake kavu pia.*

Maji. Na mafuta kidogo yasiyo na marashi baada ya kuoga.

*Yangu imekauka wiki sita, lakini nikiitumia inateleza kama ute na inaisha haraka.*

Hiyo ni tabia ya zeituni, hasa ikikaa kwenye kisahani chenye maji. Kata kipande katikati, tumia nusu, nusu nyingine iendelee kukauka. Ile unayotumia iweke juu ya vijiti viwili au kifuniko ulichotoboa, maji yashuke. Na usiisugue moja kwa moja usoni: toa povu viganjani kwanza, weka sabuni chini, ndipo unawe.