Shene ya pikipiki: kupima ulegevu na kunyoosha gurudumu la nyuma

Hapa Goma shene nyingi huharibika kwa sababu zimekazwa mno, au gurudumu la nyuma limekaa kombo. Vipimo hivi ni vya pikipiki za cc 100 hadi 150 zenye shene ya saizi ya 428. Kitabu cha pikipiki yako kikitoa kipimo kingine, fuata kitabu.

1. Zima injini, weka nyutro, simamisha pikipiki kwa standi ya katikati. Gurudumu lizungushwe kwa mkono tu, kamwe si kwa injini.

2. Katikati ya piniyo (gia ndogo ya mbele) na kuroni (gia kubwa ya nyuma), sukuma shene ya chini juu na chini: itembee milimita 20 hadi 30. Zungusha gurudumu robo, pima tena, hadi limalize mzunguko. Rekebisha ukifuata mahali palipokaza zaidi. Ukibeba abiria wawili kwenda Ndosho, mkono wa nyuma (chuma kinachoshika gurudumu la nyuma) hupanda na shene hujivuta. Ikikosa nafasi, inakula rulema (beringi).

3. Legeza nati ya ekseli na ya fimbo ya breki, kisha nyoosha gurudumu. Alama zilizochongwa kwenye mkono wa nyuma usizitegemee, mara nyingi kulia na kushoto hazilingani. Tumia uzi usiovutika: shika katikati ya bolti inayofunga mkono huo kwenye chasi, uvute hadi katikati ya ekseli, funga fundo, peleka upande wa pili. Eskape (bomba la moshi) ikificha bolti, ifungue, usikisie. Tofauti ya milimita 2 inatosha kula meno. Zungusha nati ya kurekebishia ya upande mmoja tu, robo kwa robo, kisha chungulia kutoka nyuma: shene iingie kuroni bila kupinda. Uzi ukilingana na meno bado yanang'aa ubavu mmoja, tafuta bushi ya ekseli iliyowekwa kinyume, rulema iliyolegea au mkono uliopinda.

Kabla ya kukaza ekseli, ingiza kitambaa kinene kati ya shene na kuroni kwa juu, rudisha gurudumu nyuma likwame, vidole vikiwa mbali. Ekseli inabaki imeegemea mbele. Kaza, toa kitambaa, pima upya, kwa maana kukaza hubadilisha ulegevu.

4. Kaza nati ya fimbo ya breki, rekebisha breki, rudisha pini za nati. Klipu ya kiungo kinachofunga shene: upande uliozibwa utangulie mwendo.

5. Pima viungo 20 shene ikiwa imevutwa: mpya ni milimita 254. Ikifika 259, badilisha shene, piniyo na kuroni pamoja. Osha kwa mafuta ya taa, paka oili ya gia ya 90. Oili chakavu ya injini iache: ina chembe za chuma, na vumbi jeusi la mawe ya volkeno likishikamana nayo, inasaga kama tupa.