Kuipitia Upya Rasimu ya Kisa cha Maisha Yako

Ukishamaliza rasimu ya kwanza, iweke kando kwa siku kadhaa, kisha uisome kwa sauti huku ukitia alama popote ulimi unapokwama. Usianze na tahajia, kwa maana huenda ukaipamba sentensi ambayo kesho utaifuta.

Jiulize kwanza kisa chako kimesimama juu ya tukio lipi. Katika rasimu yangu kuhusu siku niliyoondoka Nairobi kwenda shule ya bweni, nilikuwa nimejaza kurasa tatu za kuamka, kuoga na msongamano wa magari katika Barabara ya Jogoo, ilhali jambo lenyewe lilitokea kwa dakika moja tu katika kituo cha mabasi cha Machakos, papo hapo jijini Nairobi. Nilizifuta zote tatu. Iliniuma, lakini kisa kilipata pumzi.

Kisha tafuta mahali ulipoitaja hisia pasipo kumwonyesha msomaji chochote. Nilikuwa nimeandika: "Nilihuzunika sana mama aliponiaga." Sentensi hiyo ni ya kweli, ila mtu yeyote angeweza kuiandika. Nilipotulia na kukumbuka, nikaandika: "Mama alipitisha mkono dirishani, akanitilia kiganjani noti ya shilingi mia mbili iliyokunjwa mara nne, akageuka kabla gari halijaondoka." Neno huzuni halimo, wala halihitajiki.

Vichunguze pia vitenzi, kwani hapa ndipo wengi wetu huteleza. Kiambishi -li- hufungua tukio, -ka- hulisukuma mbele, na -ki- huonyesha lililokuwa likiendelea wakati huohuo. Ukirudia -li- katika kila kitenzi, matukio husimama mojamoja kama vitu vilivyoorodheshwa, na mwendo wa masimulizi hupotea.

Kumbukumbu nayo ihakikiwe. Ukisema ulipanda treni katika kituo cha Syokimau mwaka 2009, msomaji wa Nairobi anayejua kwamba kituo hicho kilifunguliwa mwaka 2012 atashuku hata yale uliyoyasema kwa ukweli mtupu. Jamaa waliotajwa wasomee sehemu zinazowahusu. Mama ndiye aliyenikumbusha kwamba noti ile aliikopa kwa jirani asubuhi hiyohiyo.

Aya ya mwisho ikague kwa ukali kuliko zote. Yangu ilikuwa maelezo marefu kuhusu mapenzi ya mzazi. Sasa kisa kinaishia gari likipita mji wa Mlolongo, nje kidogo ya Nairobi, na noti ingali imekunjwa mkononi.