Jinsi ya kuweka kisanduku cha jiokashi kwenye kanisa la zamani kijijini: hatua ninazofuata nje ya Lubumbashi

Jiokashi ni mchezo wa kutafuta visanduku vilivyofichwa, ukiongozwa na GPS ya simu. Ulianza Oregon, Marekani, tarehe 3 Mei 2000, mara tu serikali ya huko ilipoacha kuvuruga mawimbi ya GPS kwa watu wa kawaida. Anayekipata kisanduku huandika jina lake kwenye kidaftari kilichomo, kisha hukirudisha palepale. Kwa upande wetu wa Katanga sijaona mahali panapoufaa mchezo huu kuliko makanisa ya misheni ya zamani. Makaburi na mawe ya kumbukumbu yapo, yana habari nyingi, na watu hupita tu.

Hatua ya 1: Omba ruhusa, na uiombe hadharani

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Mara ya kwanza nilimwona padri paroko peke yake, akakubali, nikadhani yamekwisha. Nilikuwa nimeshika kopo na kidaftari pale uani, katekista mmoja mzee akanishika mkono: "Mwanangu, unataka kuficha majina ya watu ndani ya kopo, karibu na wafu?" Nilikosa jibu. Alisema kweli. Kopo lenye karatasi ya majina likiokotwa makaburini, nani atafikiria mchezo? Watasema ni uchawi, na mgeni wa kwanza kuonekana pale atapata taabu.

Tangu siku ile namwona padri, katekista, chifu wa kijiji, na ndugu wa marehemu kama wapo. Namwomba padri atangaze Jumapili baada ya misa. Kisanduku nakifungua mbele ya watu, kila mmoja aone kilichomo, na watoto wanaotaka huandika majina yao kwenye ukurasa wa kwanza. Kijiji kikishakijua, kijiji ndicho kinachokilinda.

Hatua ya 2: Soma mawe kwa subira

Nenda asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini. Mwanga wa pembeni huingia kwenye michoro, na herufi zilizofutika zinajitokeza zenyewe. Mchana simama upande mmoja wa jiwe na kioo kidogo, ulipige mwanga kwa mshazari. Usikwangue kuvu kwa brashi ya waya wala kupaka chaki. Jiwe laini linakatika na maandishi yanakwenda nalo.

Angalia tarakimu 1 kwa makini. Wabelgiji waliichora na mkia mrefu juu, hata ukadhani ni 7. Mimi nilisoma 1927 mahali palipoandikwa 1921, nikatafuta kwa saa nzima.

Majina ya mahali yatakusaidia kukadiria umri wa jiwe. Likisema Élisabethville, kwa kawaida ni la kabla ya 1966, mwaka jiji lilipoanza kuitwa Lubumbashi. Likisema Shaba, jina la zamani la mkoa wa Katanga, ni kati ya 1971 na 1997. S.D.B. baada ya jina ni Msalesiani wa Don Bosco, mtawa wa shirika la Kikatoliki lililofika hapa 1911, na O.S.B. ni Mbenedikto, mtawa wa shirika jingine. "Ici repose" ni Kifaransa cha "hapa anapumzika".

Hatua ya 3: Geuza miaka iwe njia

Kisanduku chenyewe kisikae makaburini. Tengeneza jiokashi ya vituo: mtu anasoma mawe, anapata tarakimu, tarakimu zinampeleka nje ya uwanja. Mfano tu: jiwe la kwanza lina 1934, chukua 34, ziwe tarakimu mbili za mwisho za latitudo: S 11° 46.234. Longitudo ifanye vivyo hivyo kwa jiwe la pili. Tarakimu yenye shaka iweke mwisho kabisa, kwa kuwa pale kosa la moja ni kama mita 1.85. Ukiiweka mara tu baada ya nukta, kosa hilohilo ni mita 185, na mgeni wako atakuwa anakanyaga mihogo ya mtu.

Hatua ya 4: Chombo na maficho

Wamarekani wanapenda masanduku ya chuma ya risasi za jeshi. Huku kwetu usithubutu, hata likiwa tupu. Kopo la maziwa ya unga linapata kutu masika moja tu. Mimi natumia kibakuli cha plastiki kinachoonyesha ndani, chenye kifuniko cha kubana, na bandiko la Kiswahili na Kifaransa linaloeleza ni kitu gani.

Usichimbe, kanuni za Geocaching.com, tovuti ya mchezo huu, zinakataza bila ruhusa ya wazi ya mwenye ardhi. Kichuguu kinavutia, lakini mashimo yake yana nyoka. Mwezi wa Agosti na Septemba moto wa porini huyeyusha plastiki, kwa hiyo tafuta mawe makubwa yasiyozungukwa na majani makavu. Pima mahali mara kadhaa, siku tofauti, maana chini ya miti simu hukosea zaidi.

Hatua ya 5: Tuma na utunze

Kiwe angalau mita 161 kutoka kisanduku kingine. Kwenye maelezo unayotuma Geocaching.com andika saa za misa, na kwamba siku ya mazishi watafutaji warudi nyumbani. Mkaguzi wa kujitolea wa tovuti akikubali, kinatangazwa.

Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, badilisha kidaftari na uweke penseli badala ya biki. Kidaftari kilichojaa mpelekee katekista. Yule mzee wangu sasa ndiye anayevitunza, na wageni wakifika huwasomea majina ya kwenye mawe, jiwe kwa jiwe.