Somo: Kutafuta makala na nyaraka za utafiti bure mtandaoni, kwa mfano wa mikarafuu ya Pemba

Assalaam alaykum. Wakati wa kuandika mapendekezo ya utafiti umefika na kilio ni kile kile: "Maalim, makala nimeiona lakini inataka dola." Kabla hujatoa hata shilingi, pita njia hii. Nitatumia mada moja, mikarafuu ya Pemba, ili muone khasa kinachoandikwa kwenye kisanduku cha kutafutia, maana hapo ndipo wengi wanapokwama.

Hatua ya 1: Kusanya majina kwanza

Chukua karatasi. Ukiandika Pemba peke yake utaletewa mji wa Pemba ulioko Cabo Delgado, Msumbiji, ule ambao Wareno waliuita Porto Amélia. Utaletewa pia waandishi wanaoitwa Pemba, ambao karafuu hawana habari nazo. Kwa hiyo andika "Pemba Island" ndani ya alama za kunukuu, kisha -Mozambique, alama ya kutoa ikiwa imegandana na neno. Au ongeza Zanzibar, Wete, Micheweni, Chake Chake, Mkoani.

Mkarafuu nao una majina yake. Leo wataalamu wa mimea wanauita Syzygium aromaticum, lakini ripoti za zamani zimeandika Eugenia caryophyllata au Eugenia aromatica. Anayetafuta kwa jina la leo tu anaikosa sehemu kubwa ya maandishi ya wakati wa ukoloni, na huko ndiko walikochunguza ule ugonjwa uliokuwa ukikausha mikarafuu ghafla. Anayefanya historia ajue pia kwamba Wajerumani waliandika Sansibar, na Wafaransa wa zamani Zanguebar. Kiswahili kijaribu, ingawa kwa mambo ya kilimo utapata kidogo. Utafiti mwingi umeandikwa kwa Kiingereza.

Usiiruke hatua hii. Nimeona wanafunzi wakisema "hakuna kilichoandikwa juu ya mada yangu" wakati wamejaribu neno moja tu.

Hatua ya 2: Google Scholar, lakini usome pembeni

Huu ni mtambo wa Google wa kutafutia makala za kitaaluma. Andika maneno yako, halafu tazama upande wa kulia wa kila jibu. Palipoandikwa PDF, aghalabu nakala ya bure ipo. Kama pembeni ni patupu, chini ya jibu kuna kiungo cha nakala zote za makala hiyo hiyo: mara nyingi mwandishi ameiweka kwenye hazina ya chuo chake, na huko haina kufuli. Ukitumia kompyuta, weka programu ya Unpaywall kwenye kivinjari. Ukifungua ukurasa wa makala inakuonyesha kama kuna nakala halali ya bure mahali pengine.

Kiungo kingine kinaonyesha nani ameinukuu makala hiyo baadaye. Ukipata makala moja nzuri ya 1995, kiungo hicho kitakuteremsha mpaka za juzi.

CORE na DOAJ zifungue baada ya hapo. Ya kwanza inakusanya makala zilizo wazi kutoka hazina za vyuo duniani, ya pili inaorodhesha majarida yasiyomtoza msomaji.

Hatua ya 3: Rudi nyumbani

Wengi wanaanza Harvard na hawafiki Morogoro. African Journals Online, maarufu AJOL, inakusanya majarida ya bara letu, na mengi yanapakuliwa bure. Hazina ya Chuo Kikuu cha Sokoine, huko Morogoro, ina tasnifu za kilimo, Muhimbili ina za afya, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Huria wana za kila fani. Tasnifu ina faida kuliko makala: nyuma kuna orodha ndefu ya marejeo, yaani mwenzio ameshakutafutia nusu ya kazi.

Takwimu zichukue kwenye tovuti ya Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar. Msiandike "Zanzibar ina watu takriban milioni moja" kwa kunakili tasnifu ya zamani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773.

Hatua ya 4: Nyaraka za kale

Hapa ndipo raha ilipo. Qatar Digital Library imeweka wazi maelfu ya kurasa za barua na ripoti za Waingereza wa India na Ghuba, na kwa kuwa Maskati na Unguja zilikuwa chini ya mtawala mmoja, sisi tumo. Ukitaka mvutano wa watoto wa Sayyid Said baada ya kufariki kwake 1856, mpaka uamuzi wa 1861 uliozitenga Zanzibar na Omani, anza huko.

Internet Archive ina vitabu vya zamani vilivyokwisha muda wa hakimiliki. Chuo cha SOAS cha London kimeweka picha za hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyo wa Winterton, zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki kuanzia 1860 hadi 1960, na Unguja imo.

Tahadhari: andika maneno ya zama zile. Upepo wa 1872 uliong'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba ikishika usukani wa karafuu, Waingereza waliuandika kama hurricane. Ukitafuta kwa cyclone peke yake unaweza kuukosa.

Kisha ujue kwamba si kila kitu kipo mtandaoni. Mafaili mengi ya serikali ya Usultani yapo Kilimani, Unguja, kwenye Nyaraka za Taifa za Zanzibar, na huko unakwenda kwa miguu yako.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Konde: Shikamoo Maalim. Kitabu kimoja cha Internet Archive kimenimalizia bando lote. Hakuna njia nyingine?

Marahaba mwanangu. Usipakue PDF, ile ni picha ya kila ukurasa. Kwenye orodha ya namna za kupakua kuna faili la maandishi matupu. Ni dogo mno, na unaweza kutafuta neno ndani yake. Ila mashine iliyosoma kurasa hukosea herufi, khasa majina yetu, kwa hiyo kabla ya kunukuu fungua ukurasa wenyewe mtandaoni uhakikishe.

Mwanachama wa Tunguu: JSTOR, ile hazina ya makala za majarida, inanidai nisajiliwe. Ni ya kulipia?

Jisajili kwa barua pepe yako, hulipi. Utasoma mtandaoni makala hadi 100 kwa mwezi, lakini kusoma si kupakua. Muulize pia mkutubi wa chuo kuhusu Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kulipia bure au kwa bei ndogo. Tanzania imo katika nchi zinazostahiki, ila anayesajiliwa ni chuo, si mtu mmoja mmoja, na nywila anayo huyo mkutubi.

Mwanachama wa Paje: Mimi nafanya mwani. Naandika seaweed, zinakuja za China na Indonesia tu.

Ongeza Zanzibar na majina ya aina zenyewe: Eucheuma denticulatum, ambao wanunuzi wanauita spinosum, na Kappaphycus alvarezii, yaani cottonii. Kama unafuatilia ugonjwa, andika ice-ice. Kisha pitia jarida la Western Indian Ocean Journal of Marine Science. Linatolewa na WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya Hindi ya Magharibi, ambao makao yao ni hapa hapa Unguja, na kulisoma ni bure.

Mwanachama wa Mkoani: Kuna rafiki ana tovuti inayofungua makala yoyote bila ruhusa. Nitumie?

Mimi siifundishi. Mwandikie mwandishi, barua pepe yake ipo kwenye ukurasa wa makala. Mistari minne inatosha: salamu, wewe nani na unasoma wapi, jina kamili la makala, na unaitakia nini. Waandishi wengi hupenda kusomwa, na kukutumia nakala yake kwa masomo ni jambo la kawaida. Asipojibu wa kwanza, mwandikie mwenzake aliyeandika naye.