Kufundisha Vita vya Majimaji kwa kolaji, hatua kwa hatua

Kolaji ni picha inayotengenezwa kwa kubandika vipande: karatasi, vitambaa, hata punje za nafaka. Naitumia Kidato cha Tatu kufundisha Majimaji, vita vya wenyeji wa kusini mwa Tanzania ya leo dhidi ya ukoloni wa Wajerumani (1905–1907), kwa sababu mwanafunzi anayeshika vipande mkononi huona jinsi historia inavyokusanywa, na mahali ilipotoboka.

1. Vifaa. Magazeti ya zamani, mabaki ya vitambaa kutoka kwa fundi cherehani, pamba, mtama, mikasi, na karatasi moja ya manila kwa kila kundi la watu watano. Gundi ikiwa ghali, pika uji mzito wa unga wa ngano, uache upoe kabisa.

2. Picha. Hifadhi ya nyaraka ya Ujerumani, Bundesarchiv, imeweka picha nyingi za enzi za ukoloni kwenye Wikimedia Commons. Chapisha nyeusi na nyeupe. Kabla hawajakata, waulize: nani alishika kamera? Nani amekaa kitini, nani amesimamishwa? Hapa usiwaharakishe, hata kipindi kizima kikiishia hapo.

3. Gawa matukio. Wamatumbi wanang'oa pamba ya kulazimishwa, Nandete, Julai 1905. Mganga Kinjekitile Ngwale na maji yake ya dawa, Ngarambe. Shambulio la boma la Wajerumani la Mahenge, Agosti 1905. Kunyongwa kwa Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, 1906. Njaa.

4. Wapange kwanza bila gundi, wabishane, wahamishe.

5. Nyuma ya kila kipande waandike kwa penseli kimetoka wapi. Kwangu hii ndiyo hatua kuu. Kundi moja lilikata uso wa mzee gazetini ili awe Kinjekitile. Nikawauliza, "Huyu ndiye?" Kimya. Picha yake hatukuwa nayo. Wakaacha umbo la mtu likiwa tupu, wakalizungushia punje za mtama, maana inasimuliwa kuwa dawa yake ilikuwa maji yenye mafuta ya nyonyo na mtama. Pengo lile lilizua maswali kuliko picha yoyote ukutani.

Kundi la njaa linahitaji uangalizi wako. Wajerumani waliteketeza vijiji, mashamba na maghala. Makadirio ya waliokufa ni kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Usiruhusu wabandike picha za wenye njaa wa leo. Hao ni watu wengine, nao wana heshima yao. Wanafunzi wangu walibandika kipande cha gunia tupu, kikatosha.

6. Kubandika. Gundi ipakwe ukingo wa juu tu, ili kipande kiweze kufunuliwa.

7. Tundikeni kazi ukutani. Kila kundi lipite kwa wenzao, lichague kipande kimoja, likisie kimetoka wapi, kisha likifunue na kusoma kilichoandikwa nyuma.